Siku tano na minyororo ya matairi: kutoka Munich hadi Poschiavo

Siku ya kwanza, Jumatano: Munich

Majira ya baridi ya mwaka jana nilipiga magoti kwenye theluji kwa dakika 50, kando ya barabara ya milimani upande wa Austria, nikihangaika kufunga minyororo ya matairi ambayo sikuwahi kuitoa kwenye mfuko wake tangu siku nilipoinunua kwa bei ya chini. Vidole vilikufa ganzi, kitanzi cha ndani kiliporomoka kila nilipokifikisha juu ya tairi, na mwishowe dereva wa lori aliyesimama nyuma yangu ndiye aliyenifungia. Ndiyo maana safari ya mwaka huu ya kwenda Poschiavo, bonde la Uswisi ambalo mtu atokaye kaskazini hulifikia kwa kuvuka mlima katika njia ya Bernina yenye mwinuko wa mita 2,328, nimeianzia dukani, nikiwa nimeazimia kupata minyororo ambayo nitaifunga mwenyewe, gizani ikibidi, bila kumsubiri msamaria.

Nimekwenda na mdogo wangu, ambaye yuko kwangu kwa miezi miwili akitokea Mbeya. Yeye ni dereva, na kabla ya kushika usukani alikuwa utingo wa malori ya viazi katika milima ya Uporoto, ambako msimu wa mvua ukishika njia za mashambani hugeuka tope, na magurudumu ya nyuma hufungwa minyororo ili lori lipande. Theluji hajawahi kuiendea na gari, lakini mnyororo anaujua kuliko mimi.

Muuzaji ametuuliza kwanza saizi ya tairi, na hilo ndilo swali la kuanzia. Ubavuni mwa tairi langu pameandikwa 205/55 R16: upana wa milimita 205, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Mnyororo hufuata mzunguko wa nje wa tairi pamoja na upana wake, wala haufuati rimu peke yake. Tairi la 195/65 R15, kwa mfano, lina rimu ndogo kuliko yangu, lakini kipenyo chake cha nje kinapishana na changu kwa milimita zisizozidi 3, na kwa sababu hiyo boksi moja la minyororo huweza kuorodhesha saizi ambazo kwa macho hazifanani kabisa.

Swali la pili ni nafasi iliyopo kati ya tairi na vitu vilivyo nyuma yake, yaani shokapu, mpira wa breki na madigadi. Kitabu cha gari langu kinaruhusu minyororo kwenye magurudumu ya mbele tu, kwa kuwa hayo ndiyo yanayovuta, na unene wake usizidi milimita 9. Minyororo mingi ya magari madogo huwa na unene wa milimita 9 au 12, na ipo ya 7 kwa magari yenye nafasi finyu. Mwenye kununua ya 12 kwa kudhani kwamba mnene ndio imara, huku gari lake linataka 9, anaweza kukata mpira wa breki katika mzunguko wa kwanza wa gurudumu. Jambo hili nimelisisitiza kwa sababu mwaka jana sikulijua, na ni bahati tu kwamba minyororo ile haikuniletea hasara kubwa zaidi ya kuchelewa.

Baada ya hapo ndipo tukafika kwenye wepesi wa kufunga. Muuzaji alitutandikia aina nne mezani. Ya kwanza ilikuwa na kitanzi cha kebo ya chuma kinachopitishwa nyuma ya gurudumu likiwa limesimama, ncha zake mbili zikaunganishwa juu, kisha ndoano ikafungwa upande wa nje na mnyororo wa kukazia ukavutwa kwa mkono. Aina hiyo humtaka dereva asogeze gari mita chache, asimame, ashuke na kukaza upya. Ya pili inafanana nayo, ila ina kikazio chenye meno kinachoendelea kuvuta chenyewe gari linapokwenda, hata dereva hahitaji kushuka mara ya pili. Ya tatu haipiti nyuma ya gurudumu hata kidogo: hushikwa na kipande kinachofungwa kwenye nati za gurudumu, mtu akaitandika kwa nje na gari likaimalizia lenyewe linapoanza kusogea. Ya nne ni soksi za kitambaa, nyepesi kama mfuko wa sokoni, ambazo huvishwa nusu ya juu ya tairi, gari likasogezwa nusu mzunguko, na sehemu iliyobaki ikavutwa.

Niliitamani sana ile ya tatu. Kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo au asiyeweza kuinama, nadhani hakuna inayoifikia, na kama mama yetu angekuwa anaendesha gari huku ningemnunulia hiyo bila kubishana juu ya bei. Hata hivyo bei yake ni mara kadhaa ya zile za kawaida, na kile kipande cha kwenye nati lazima kilingane na gari, hivyo ukibadilisha gari huenda ukaanza upya. Soksi nazo ni rahisi kuvalisha na hazigongi gari, ila zinachakaa upesi zikikutana na lami iliyo wazi, na kwenye barafu ngumu ya mteremko ninaamini zaidi chuma kinachouma. Nimechagua ya pili, yenye kikazio kinachojivuta, ya milimita 9, na kabla ya kulipa nimehakikisha kwamba kwenye boksi pameandikwa viwango viwili: ÖNORM V5117 cha Austria na EN 16662-1 cha Ulaya.

"Dada, kabla hujalipa, ifungue," mdogo wangu alisema. Aliuinua mnyororo mmoja kwa mikono miwili, akauachia uning'inie, akatazama kama umejisokota, kisha akaangalia ncha za kitanzi. Za kuunganisha ndani zilikuwa za buluu na njano, na ya kufungia nje nyekundu. Rangi hizo zimenipendeza kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu usiku, kwa mwanga wa tochi, mtu aliyechoka huweza kusahau maelezo yote lakini rangi akaziona.

Jioni tumefanya mazoezi kwenye maegesho ya nyumbani, lami ikiwa kavu. Jozi nzima ilinichukua dakika 19 mara ya kwanza, na kosa langu lilikuwa kuunganisha ndoano ya nje kabla sijasukuma kitanzi cha ndani hadi chini nyuma ya gurudumu. Mara ya pili dakika 12. Kisha mdogo wangu akanitaka nivae glavu nene, na muda ukapanda tena hadi 16, ndipo nikatambua kwamba glavu za sufu hazifai kwa kuwa hunasa kwenye ndoano na kuloa. Tumenunua za mpira zenye bitana ndani. Mara ya nne, nikiwa nimezivaa, nilimaliza kwa dakika 9.

Siku ya pili, Alhamisi: Munich hadi Landeck

Tumetoka saa mbili asubuhi kwa barabara kuu ya A95, tukapita Garmisch-Partenkirchen, tukaingia Austria na kuvuka Fernpass, ambayo ina mwinuko wa zaidi ya mita 1,200. Mvua ilinyesha njia nzima na theluji ilikuwa kandokando tu, juu ya miti na paa za nyumba. Minyororo haikutoka kwenye boksi, na haikupaswa kutoka: kwenye lami tupu chuma hukatika, tairi huumia, na gari hupoteza mshiko badala ya kuuongeza.

Sheria ya Austria ina mantiki hiyo hiyo. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili, barabara ikiwa na theluji, tope la theluji au barafu, gari dogo lazima liwe na matairi ya majira ya baridi, na meno yake yawe na kina kisichopungua milimita 4. Minyororo kwenye magurudumu mawili yanayovuta huruhusiwa kuwa mbadala pale tu barabara inapokuwa imefunikwa na theluji au barafu yote au karibu yote. Kwa hiyo mwenye matairi ya kiangazi na minyororo ndani ya buti hajajikinga kama anavyodhani, kwa kuwa sehemu kubwa ya safari za milimani hupitia barabara kama ya leo, yenye maji na ubaridi, isiyo na theluji ya kutosha. Upande wa Ujerumani, tangu Oktoba 2024, tairi huhesabiwa kuwa la majira ya baridi likiwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Herufi M na S, yaani kifupi cha tope na theluji, peke yake hazitoshi tena.

Tulipopita malori yaliyoegeshwa, mdogo wangu aliniomba nipunguze mwendo ili aone minyororo iliyotundikwa pembeni mwa chesisi. Nilimweleza kwamba hapa lori lenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 hulazimika kubeba minyororo katika miezi hiyo hata kama anga ni jeupe. Alifurahi kusikia hivyo, akasema kwamba kwao tajiri hununua minyororo baada ya lori kulala porini siku tatu na viazi kuanza kuoza. Nami nikamsimulia habari za Harry Weed wa Canastota, jimbo la New York, aliyepata hataza ya minyororo ya matairi mwaka 1904, ambaye inasemwa alipata wazo hilo kwa kuwaona madereva wakizungushia kamba matairi yao ili yashike kwenye matope.

"Kumbe kilianzia kwenye tope," alisema, na kwa kilomita kadhaa akawa ananieleza jinsi walivyokuwa wakifunga magurudumu pacha ya nyuma kwa kulinyanyua lori kwa jeki, watu wawili, saa nzima. Ndiyo maana dakika zangu 9 za jana zilimstaajabisha kuliko zilivyonistaajabisha mimi.

Siku ya tatu, Ijumaa: Landeck hadi Pontresina

Siku fupi. Tumeufuata mto Inn kuelekea juu, tukaingia Uswisi pale Martina, tukapita Scuol na Zernez. Theluji ilianza baada ya Zernez, nyepesi, na matairi yenyewe yaliimudu. Kitu pekee cha kuandika ni kosa nililoligundua tulipokuwa tukitia mafuta: boksi la minyororo lilikuwa chini ya mabegi yote, chini ya gunia dogo la unga na chini ya zawadi za rafiki yetu. Tumepanga upya mizigo palepale. Minyororo, glavu, tochi ya kuvaa kichwani na zulia la mpira la sakafu ya gari, ambalo nitalipigia magoti, sasa viko mlangoni mwa buti, mahali ambapo mkono unavifikia bila kushusha kitu kingine.

Usiku Pontresina, katika mwinuko wa mita 1,800, theluji imenyesha bila kupumzika.

Siku ya nne, Jumamosi: kuvuka Bernina

Asubuhi njia ilikuwa wazi, lakini nje ya mji kilisimama kibao cha duara, chenye rangi ya buluu na picha nyeupe ya tairi lililofungwa mnyororo. Nchini Uswisi kibao hicho ni amri: magurudumu mawili ya ekseli moja inayovuta lazima yawe na minyororo kabla ya kupita hapo, isipokuwa pale kibao cha nyongeza kinapoyaachilia magari yanayovutwa na magurudumu yote manne. Gari letu linavutwa na mawili. Tukaingia kwenye nafasi iliyoachwa kando kwa ajili ya kufungia minyororo, na hilo nalo napenda kulitilia mkazo, kwamba mtu afunge mapema, penye usawa na nafasi, kwa sababu aliyesubiri hadi magurudumu yaanze kuzunguka bure atajikuta anafunga kwenye mteremko, nusu ya mwili wake ikiwa barabarani.

Nilifunga mwenyewe. Nilivuta breki ya mkono, nikaweka usukani sawasawa, nikatandika zulia, nikaukung'uta mnyororo ili usiwe na pindo. Nilipitisha kitanzi nyuma ya gurudumu, nikainua ncha, nikaunganisha buluu na njano juu ya tairi, nikazisukuma nyuma hadi kitanzi kikaanguka sawa kila upande, kisha nikafunga ndoano nyekundu na kuvuta kikazio. Hali ya hewa ilikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri, na upepo ulikuwa ukitupiga theluji usoni. Gurudumu la kushoto lilichukua dakika 6 na la kulia 5. Zikawa 11 jumla, mbili zaidi ya nilivyofanya nyumbani, na sikuvua glavu hata mara moja. Mdogo wangu alisimama nyuma ya gari akiwa amevaa kizibao cha kuakisi mwanga, akiyatazama magari yanayokuja, na hakunisogelea kunisaidia. Baadaye aliniambia kwamba mikono ilikuwa inamwasha, ila aliona nitahitaji kujua kwamba nimeweza.

Jirani yetu pale kando alikuwa baba mmoja mwenye watoto wawili nyuma, minyororo yake ikiwa bado imefungwa kwenye plastiki ya dukani. Alikuwa amejaribu mara tatu, na ncha za ndoano zilibaki zimeachana kwa upana wa kiganja. Mdogo wangu hajui lugha yake, lakini aliinama akasoma ubavu wa tairi, akasoma boksi, akanionyesha kwa kidole. Minyororo ilikuwa ya matairi ya rimu ya inchi 14, iliyonunuliwa kwa ajili ya gari alilokuwa nalo zamani. Tulisikitika kwa dhati, maana hapakuwa na ufundi wowote wa kurefusha chuma. Niliongea naye, naye akakubali kurudi Pontresina kuulizia saizi yake, au awaache watoto wapande treni nyekundu inayovuka mlima huo huo.

Kabla ya kuondoka nilizima mfumo unaozuia magurudumu kuzunguka bure, kwa kuwa mnyororo huhitaji gurudumu lijizungushe kidogo ili meno yake yajichimbie, na mfumo ule hukata nguvu ya injini pale pale inapohitajika. Baada ya kushika mwendo niliuwasha tena. Mita mia za kwanza tulizipita polepole tukisikiliza. Sauti sahihi ni mngurumo ulio sawasawa chini ya miguu. Mgongano wa chuma kwenye madigadi, au pigo moja linalojirudia kila mzunguko, humaanisha kuna pingili iliyolegea, na dawa yake ni kusimama. Vikazio vilijivuta vyenyewe kama muuzaji alivyoahidi, na hatukushuka.

Kule Ujerumani mwendo wa juu ukiwa na minyororo ni kilomita 50 kwa saa, na waundaji wengi nao huandika kikomo hicho hicho kwenye boksi. Mimi nilikwenda kati ya 30 na 40. Tulipanda tukipita mbele ya mto wa barafu wa Morteratsch na kituo cha Diavolezza, gari la kusukuma theluji likitutangulia, na gari letu lilipanda pasipo kuserereka. Kileleni, kando ya ziwa lililoganda la Lago Bianco, sikuona kitu zaidi ya nguzo za kandokando ya barabara.

Kushuka ndiko kulikonifundisha zaidi. Minyororo iko mbele, kwa hiyo mbele hushika barabara na nyuma hubaki na tairi tupu, na dereva akikanyaga breki kwa ghafla kwenye kona kali, mkia wa gari hutaka kutangulia. Niliuhisi mara moja, juu kidogo ya La Rösa, nikaachia breki, nikanyoosha usukani, nikarudi gia ya pili. Tangu hapo nilipunguza mwendo kabla ya kona, kamwe si ndani yake, na injini ndiyo iliyotuzuia kushika kasi. Mdogo wangu alinihesabia kona kwa sauti ya chini kama alivyokuwa akimhesabia dereva wake Uporoto.

Tulipofika Sfazù lami ilianza kuonekana katika mistari miwili nyeusi, mngurumo ukageuka kuwa kelele, nasi tukasimama kuvua. Kuvua ni sehemu ya wepesi ambayo wauzaji hawaitaji. Kwa minyororo yangu ya mwaka jana kebo ilijaa barafu na ndoano ikagoma kufunguka. Hii ya sasa niliachia kikazio, nikafungua nyekundu, nikatenganisha buluu na njano, nikaiacha ianguke chini, kisha nikasogeza gari mbele. Dakika 4 kwa magurudumu yote mawili.

Siku ya tano, Jumapili: Poschiavo

Rafiki yetu wa utotoni, ambaye ni mpishi hapa, ametupokea kwa ugali wa unga tuliomletea. Baada ya chakula cha mchana nilimwomba beseni na maji ya vuguvugu. Chumvi inayomwagwa barabarani hula chuma upesi, na minyororo inayorudishwa mfukoni ikiwa imeloa hufunguliwa mwaka unaofuata ikiwa na kutu kwenye vikazio, yaani mahali penyewe panapoufanya ufungaji uwe rahisi. Niliiosha, nikaitundika kwenye kamba ya nguo uani, na mdogo wangu akapitisha kidole kwenye pingili moja baada ya nyingine. Alikuta mbili zimekwaruzwa kwa upande wa nje, labda na zile mita za mwisho za lami kabla ya Sfazù, lakini hazijaliwa kiasi cha kutia shaka.

Rafiki yetu alitoka akaitazama. Ameishi hapa miaka sita na ana gari, na kila theluji inapoanguka huliacha nyumbani akapanda treni, kwa sababu, alisema, minyororo ni kazi ya wanaume. Sikumjibu. Nilimpa glavu zangu, nikatandika zulia la mpira kando ya gari letu, na mdogo wangu akamwambia, "Shika ya buluu, dada. Sasa tafuta njano." Alikosea pale pale nilipokosea Jumatano, kwenye ndoano nyekundu, akafungua, akaanza upya. Gurudumu moja lilimchukua dakika 13. Alisimama, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda hadi kwenye gari lake chini ya paa na kuinama kusoma ubavu wa tairi. Kisha akaniuliza kama nina kalamu.